Ndigana kali, ndigana baridi, mkojo wa damu na ndorobo: nani ndugu wa nani, na ukoo unakusaidiaje kuchagua dawa

Ingia duka lolote la dawa za mifugo, useme ng'ombe wako ana homa na hali majani. Muuzaji atakuwekea mezani buparvakwoni, oksitetrasaiklini, imidokabu na pakiti za chembechembe za njano za diminazini, kisha akuulize una shilingi ngapi. Zote ni dawa nzuri. Kila moja ina adui wake, na ukimkosea adui umepoteza pesa na pengine ng'ombe mwenyewe.

Wanaolinganishwa hapa ni wanne wanaosumbua sana ng'ombe wa Afrika Mashariki: Theileria parva anayeleta ndigana kali, Babesia anayeleta mkojo wa damu, tripanosoma wanaoleta ndorobo (wengine huiita nagana), na Anaplasma marginale wa ndigana baridi. Wote huleta homa, wote huingizwa mwilini na wanyonya damu, na kwa hadubini ya kituo cha mifugo wote hutafutwa kwenye damu, ingawa si wote wanaopatikana humo kwa urahisi. Msimamo wangu niuseme mapema: dalili ni shahidi mbaya, jina la mtaani ni shahidi mbaya zaidi, na ukoo wa kimelea ni shahidi mzuri ambaye naye mara mojamoja hudanganya.

Majina mawili ya ndigana

Anza na ndigana mbili. Mtu akisikia ndigana kali na ndigana baridi atadhani ni ugonjwa mmoja wenye sura mbili, mmoja mkali na mwingine mpole. Kumbe Theileria ni protozoa, kiumbe wa seli moja mwenye kiini, na Anaplasma ni bakteria. Umbali huo ni mkubwa mno: ng'ombe na muhogo ni ndugu wa karibu zaidi kuliko Theileria na Anaplasma, kwa kuwa ng'ombe na muhogo wote wana seli zenye kiini.

Kuchanganya huku hakukuanza na wafugaji. Arnold Theiler, daktari wa mifugo Mswisi aliyefanya kazi Afrika Kusini, ndiye aliyempa Anaplasma jina lake mwaka 1910, na alidhani ni protozoa. Kabla yake, Theobald Smith na Frederick Kilborne wa Marekani, katika kazi yao maarufu ya 1893 kuhusu homa ya ng'ombe wa Texas, waliviona vidoto hivyo kwenye damu wakavichukua kuwa hatua mojawapo ya maisha ya Babesia. Hadubini iliwaonyesha kidoto tu, na kidoto hakisemi ukoo wake.

Kwa mchaguzi wa dawa, tofauti hii ni ya shilingi. Oksitetrasaiklini ni dawa ya bakteria, kwa hiyo ndigana baridi huitibu vizuri ikiwahiwa. Ng'ombe aliyekwisha kushikwa na ndigana kali, mitoki (tezi za limfu) imevimba na pumzi inakwama, haimponyi. Inachoweza ni kupunguza makali ikichomwa mapema kabisa, siku ileile maambukizi yanapoingia, na hiyo ndiyo siri ya chanjo ya ndigana kali nitakayoirudia baadaye.

Kupanga kwa sura au kwa vinasaba?

Vitabu vya zamani viligawa protozoa kwa namna wanavyotembea. Kulikuwa na mafungu manne: wanaojivuta kwa miguu ya bandia kama amiba, wanaoogelea kwa mjeledi, wenye vinyweleo, na wale wasio na chombo chochote cha mwendo, walioitwa Sporozoa, jina la tangu 1879. Mpango huo ni rahisi kukumbuka, unatosha kwenye benchi la maabara, na kwa mwanafunzi wa cheti cha mifugo bado ni mlango mzuri wa kuingilia. Kasoro yake ni kwamba fungu la Sporozoa lilikuwa kama droo ya vitu visivyo na mahali pengine. Waliingizwa humo hata mikrosporidia, wakiwemo wale wanaoua nyuki, ambao leo tunajua wamo katika ukoo wa kuvu.

Hadubini ya elektroni ilifungua macho ya kwanza. Wataalamu waliona kwamba Theileria, Babesia, Eimeria wa kuhara damu na vimelea vya malaria wote, katika hatua fulani, wana vifaa vya pekee kwenye ncha ya mwili vinavyowasaidia kuingia ndani ya seli. Mwaka 1970 Norman Levine akalipa kundi hilo jina la Apicomplexa. Mwaka 1980 kamati iliyoongozwa naye ikagawa protozoa wote katika faila (makundi makuu) saba. Kisha ukaja usomaji wa vinasaba, na karata zikachanganywa upya.

Mpango wa sasa unawaweka Apicomplexa katika kundi la Alveolata, pamoja na viumbe wenye vinyweleo na wale wa baharini ambao baadhi yao hufanya maji kuwa mekundu. Tripanosoma wako kwingine kabisa, katika Euglenozoa, pamoja na yuglena wa kijani wa madimbwini. Ukitaka kuupima umbali huo, Theileria yuko karibu zaidi na mwani wa kahawia unaotupwa ufukweni kuliko alivyo karibu na tripanosoma, ingawa wawili hawa wanaweza kukutana ndani ya ng'ombe mmoja siku moja.

Na uhusiano huo na mwani si maneno ya kupamba. Ndani ya Theileria, Babesia na kimelea cha malaria kuna kifuko kidogo ambacho ni mabaki ya mwani uliomezwa na babu yao zamani sana. Hakitumii tena mwanga wa jua, lakini kimelea hawezi kuishi bila kazi kinazofanya. Mwaka 2008 kilielezwa kiumbe kutoka kwenye matumbawe ya Australia, Chromera velia, ndugu wa karibu wa Apicomplexa ambaye mpaka leo anajitengenezea chakula kwa jua. Kwa hiyo muuaji wa ng'ombe wetu ana nasaba ya wakulima.

Uchague mpango upi? Ukiwa unatafuta kimelea kwenye kioo, tumia sura, kwa kuwa jicho haliwezi kusoma vinasaba. Ukiwa unachagua dawa, unakisia namna kimelea anavyoambukiza, au unashangaa kwa nini dawa imeshindwa, mpango wa sura utakupoteza. Shika wa vinasaba.

Theileria na Babesia: ndugu wa kweli wenye tabia tofauti

Hapa ndipo penye utajiri, maana hawa wawili ni ndugu wa damu hasa. Wote ni piroplasma, wote huletwa na kupe, wote huishia ndani ya chembe nyekundu. Jenomu zao nazo zinafanana kwa umbo: kila mmoja ana kromosomu nne, na Theileria parva, aliyesomwa 2005 kwa ushirikiano ulioihusisha taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI ya Nairobi, ana jeni karibu 4,000 tu, pungufu kuliko za kimelea cha malaria.

Kufanana huko kulimpoteza hata Robert Koch. Alipokuwa Dar es Salaam mwaka 1897 alichunguza damu ya ng'ombe wa pwani, akaona vijidudu vidogo sana ndani ya chembe nyekundu, akadhani ni vichanga vya Babesia. Miaka michache baadaye, ng'ombe walionunuliwa Afrika Mashariki walishushwa bandari ya Beira wakapelekwa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), na kuanzia 1901 na 1902 mifugo ya kusini ikaanza kufa kwa maelfu. Koch aliitwa Bulawayo mwaka 1903. Akapendekeza kuwadunga ng'ombe damu ya wale waliopona, mara kwa mara, ili wapate kinga. Haikufaa. Theiler, naye akiwa Pretoria, aligundua kwamba ng'ombe wenye kinga ya mkojo wa damu walikufa kwa ugonjwa huu mpya bila kizuizi, na mwaka 1904 akamtenga kimelea huyo mdogo kama spishi ya peke yake. Ndiye leo tunayemwita Theileria parva, na ugonjwa ukabaki na jina la homa ya Pwani ya Mashariki, yaani pwani yetu.

Kwa nini sindano ya damu ilishindwa? Babesia huishi ndani ya chembe nyekundu pekee, kwa hiyo ukihamisha damu umehamisha ugonjwa. Theileria parva huanzia kwenye chembe nyeupe. Huingia humo, huifanya chembe igawanyike ovyo mithili ya saratani, na kila chembe inapogawanyika naye hugawanyika pamoja nayo. Madhara yote makubwa hutokea katika hatua hii: mitoki chini ya sikio inavimba, kisha mingine, mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani. Vile vidogo vya kwenye chembe nyekundu huja baadaye, na kazi yao hasa ni kumsubiri kupe.

Tofauti hiyo moja inakuamulia mambo matatu.

Kwanza sampuli. Ukishuku ndigana kali, usiridhike na tone la damu la sikioni. Mwambie mtaalamu achome sindano kwenye mtoki uliovimba, atazame chembe nyeupe. Ukishuku mkojo wa damu, damu ndiyo sampuli, na huko Babesia bigemina huonekana wawiliwawili kama pea zilizoshikana kwa ncha. Ndugu yake Babesia bovis ni msumbufu: hujificha kwenye mishipa midogo ya ubongo, na damu ya sikioni inaweza kuonekana safi huku ng'ombe anayumba na kugonga ukuta.

Pili dawa. Buparvakwoni imelengwa kwa Theileria, na inafanya kazi pia katika hatua ya chembe nyeupe. Hapa ukoo unang'aa: dawa ya malaria ya atovakwoni ni ya jamii moja nayo, na zote mbili hupiga mahali palepale, protini iitwayo sitokromu b. Usugu ulipotokea kwa Theileria annulata, spishi ya Afrika Kaskazini na Mashariki ya Kati, mabadiliko yalipatikana kwenye jeni hiyohiyo, kama ilivyo kwa malaria. Kwa Babesia, chaguo ni diminazini au imidokabu. Imidokabu hukaa mwilini muda mrefu zaidi na humlinda mnyama kwa wiki kadhaa, lakini huweza kumtoa mate na kumletea maumivu ya tumbo, usishtuke.

Tatu kupe. Kupe wa sikio wa rangi ya kahawia hushuka na kupanda mnyama mpya katika kila hatua ya maisha yake. Humchukua Theileria akiwa mchanga na humpeleka kwa mnyama mwingine akiwa katika hatua inayofuata; mayai yake hayabebi kitu. Zaidi ya hapo, akishang'ata haambukizi papo hapo: vimelea hukomaa kwenye mate yake kwa takriban siku tatu au nne. Ndiyo maana kuogesha kila wiki, au mara mbili kwa wiki kupe wakizidi, kunazuia ndigana kali. Kupe bluu yeye hukaa juu ya ng'ombe mmoja kwa wiki kama tatu, tangu ana miguu sita mpaka anaposhiba na kudondoka. Angempataje mnyama wa pili? Babesia amejibu swali hilo kwa kupita kwenye mayai: mama akidondoka, watoto wake huanguliwa wakiwa na ugonjwa. Theileria hana uwezo huo, na kwa wataalamu wa uainishaji hii ni alama kubwa ya kuwatenga ndugu hawa wawili.

Angalizo kwa walio Tanzania: kupe bluu wa Asia amekuwa akimsukuma kando kupe bluu wa Afrika katika maeneo mengi. Wa Afrika hueneza Babesia bigemina peke yake. Wa Asia hueneza na bovis pia. Ng'ombe anayeanza kuchanganyikiwa akili si lazima awe na kichaa cha mbwa.

Kuhusu chanjo, aliye jirani na nyati asome hapa mara mbili. Chanjo ya ndigana kali iliyotengenezwa Muguga, Kenya, ni vimelea hai wa aina tatu vinavyochomwa pamoja na oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu. Ng'ombe huugua kidogo na hupata kinga. Wafugaji wa Kimasai wa kaskazini mwa Tanzania wameipokea sana. Lakini Theileria parva wa nyati, ambaye zamani alipewa jina lake la kando, leo vinasaba vinamweka kwenye spishi ileile ila ana sura nyingi mno, na chanjo haizuii zote. Ukichunga mpakani mwa hifadhi, chanjo pekee haitoshi.

Ndorobo: mjeledi na koti la kubadilisha

Tripanosoma hawaingii ndani ya chembe yoyote ya damu. Huogelea nje, kwenye maji ya damu, na hapo wanakabiliwa na kinga ya mwili uso kwa uso. Silaha yao ni koti. Mwili mzima umefunikwa na protini ya aina moja. Kinga ikishaitambua, baadhi yao huwa wamekwisha badili koti, na wana jeni zaidi ya elfu moja za makoti. Hii ndiyo sababu ndorobo haina chanjo, na homa yake hupanda na kushuka kwa mawimbi.

Spishi tatu ndizo zenye shida kwa ng'ombe. Trypanosoma vivax (kuanzia hapa T. ni Trypanosoma) ni mwepesi, hupita kwenye kioo kama mshale, na ndani ya mbung'o, nzi anayeeneza ndorobo, hukua mdomoni tu. T. congolense ni mdogo, hushikamana na chembe nyekundu, na hupita tumboni kabla ya kurudi mdomoni. T. brucei, ambaye David Bruce alimkuta kwa ng'ombe wa Zululand miaka ya 1890, hupita tumboni na kumalizia kwenye tezi za mate. Mpango wa zamani uliwatenga kwa safari hizi ndani ya mbung'o, na cha kufurahisha ni kwamba vinasaba vimeukubali: vivax ndiye aliyetoka kwenye shina mapema. Hapa wazee wa hadubini walipatia.

Safari fupi ya vivax ina matokeo. Nzi wengine waumao wanaweza kumbeba kwenye midomo yao bila mbung'o, na ndivyo alivyoweza kuishi Amerika Kusini. Unguja, ambako mbung'o walitokomezwa kwa kuachia madume tasa na kisiwa kutangazwa huru mwaka 1997, kuwaondoa kulikuwa tiba ya ndorobo. Lakini penye vivax na nzi wengi, kuondoa mbung'o pekee si dhamana. T. evansi wa ngamia, aliyechipuka kutoka ukoo wa brucei, amejitenga na mbung'o kabisa. Ngamia hawaistahimili vizuri diminazini, kwa hiyo wafugaji wa kaskazini mwa Kenya wasiige dozi ya ng'ombe.

Kwa ng'ombe, chagua hivi: diminazini hutibu na kutoka mwilini upesi, isometamidiamu hutibu na kukinga miezi miwili hadi minne. Mfugaji anayepita pori la mbung'o kwa msimu anahitaji ya pili. Aliye na mnyama mmoja mgonjwa nyumbani anatosheka na ya kwanza. Zibadilisheni zamu, kwa kuwa vimelea sugu kwa moja mara nyingi husalimu amri kwa nyingine.

Ukoo unapodanganya

Msomaji makini ameshaona. Diminazini huua tripanosoma na Babesia, walio mbali kama nilivyosema, na haimgusi ipasavyo Theileria aliye ndugu wa Babesia. Imidokabu huponya Babesia na pia Anaplasma aliye bakteria. Basi ukoo si sheria. Mahali anapoishi kimelea nako kuna uzito wake: walio kwenye damu hufikiwa na dawa nyingi, aliye ndani ya chembe nyeupe anataka dawa yake.

Lakini mara nyingi zaidi ukoo huokoa. Kimelea wa farasi aliyeitwa Babesia equi aliwashangaza madaktari kwa kutotokomea kwa imidokabu kama wenzake. Ilipothibitika kwamba naye huanzia kwenye chembe nyeupe, alihamishiwa Theileria mwaka 1998. Kwa bata mzinga, mwuaji wa ini aliitwa amiba mwaka 1895 kwa sura yake, kisha Ernest Tyzzer akambadili 1920 kuwa Histomonas. Leo yuko karibu na trikomona wa ng'ombe, na dawa zilizomuua zilikuwa za jamii ya metronidazoli, zilezile za trikomona. Na kwa ndama wachanga wanaoharisha, Cryptosporidium alihesabiwa miaka mingi pamoja na Eimeria. Vinasaba vimemtenga, na hana hata kile kifuko cha mwani. Amproliamu inayotibu kuhara damu kwa Eimeria haimsaidii ndama huyo. Kinachomwokoa kwanza ni maji yenye chumvi na sukari, na usafi wa banda.

Ukiwa na mnyama mbele yako

Homa kali, mitoki chini ya sikio imevimba, anakohoa: fikiria Theileria, omba kipimo cha mtoki, na buparvakwoni iingie mapema, kwa sababu mapafu yakishajaa maji dawa haiyakaushi. Mkojo mwekundu na fizi zilizopauka: Babesia, kwa kuwa yeye hupasua chembe ndani ya mishipa. Umanjano na kinyesi kikavu bila mkojo mwekundu, kwa ng'ombe mkubwa: Anaplasma, maana chembe zake huliwa na wengu badala ya kupasuka njiani. Kukonda polepole, homa ya kuja na kwenda, mimba kutoka, na mmepita porini: ndorobo.

Wawili wakiwapo pamoja, na hutokea, anza na anayeua haraka, ambaye karibu siku zote ni Theileria. Damu ya kutafutia ndorobo ichunguzwe mbichi, ndani ya muda mfupi baada ya kuvutwa, kwa sababu tripanosoma aliyekufa hatembei na hata mpimaji mzoefu atampita. Slaidi ya mtoki yaweza kusubiri safari ya basi hadi maabara ya wilaya, mradi imekaushwa hewani, imetiwa methanoli na kufungwa isilowe wala kuliwa na nzi.